Hadi diski ya nje: ndogo ya mkobani au kubwa ya mezani? Ushauri kwa mnunuzi wa Dodoma

Ukiulizia eksteno, yaani hadi diski ya nje, kwenye duka la kompyuta hapa mjini, muuzaji atakuuliza kwanza: "Ya terabaiti ngapi?" Mwambie asubiri. Jiulize kwanza itapata wapi umeme.

Hadi diski ndogo, ya inchi 2.5, inapata umeme kwenye waya uleule wa USB. Umeme ukikatika, betri ya laptopu inaibeba na kazi inaendelea. Kubwa ya mezani, ya inchi 3.5, ina adapta yake ya volti 12 inayochomekwa ukutani. Luku ikiisha katikati ya kunakili, inazimika palepale hata kama laptopu inawaka, na faili lililokuwa linaandikwa laweza kuharibika. Siku mbaya zaidi, diski nzima inakataa kufunguka.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa ndogo ya terabaiti 2. Mwanafunzi wa UDOM, mwalimu, mtumishi anayeshinda Mji wa Serikali wa Mtumba na Ijumaa anapanda treni ya SGR kwenda Dar, wote inawatosha. Toshiba Canvio Basics, WD Elements na Seagate Expansion ni walewale. Chukua yenye bei nzuri na usigombanie jina. Bajeti yako ikifika terabaiti 4, mimi ningenunua mbili za 2, moja ya kutembea nayo na nyingine ibaki nyumbani na nakala zilezile. Diski moja ikianguka sakafuni huku inazunguka, ukubwa wake hautakusaidia kitu.

Wapiga video za harusi wana hesabu tofauti. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili, saa nne ukumbini, ni gigabaiti 360, maana yake terabaiti 2 zinajaa kwa harusi tano tu. Kunakili mzigo huo kwenye hadi diski ndogo yenye kasi ya megabaiti 120 kwa sekunde ni kama dakika 50. Ukichomeka kwenye tundu la zamani la USB 2.0, andaa karibu saa tatu. Tundu la kasi mara nyingi ni la bluu ndani.

Watu hao ndio wanaofaidi nafasi ya pili, SSD ya mfukoni (diski ya chipu) kama Samsung T7. Haina kitu kinachozunguka, inavumilia misukosuko ya bodaboda, na unaweza kuhariri video moja kwa moja humo. Ila gawa bei kwa idadi ya terabaiti uone inavyouma. Tena si ya kufungia kabatini miaka na miaka bila kuichomeka. Kama unatunza picha za familia tu, hela yako inapotea.

Ya mezani naiweka ya tatu, na si kwa ubaya wake. Kwa studio au ofisi inayohitaji terabaiti 8 na kuendelea, hakuna ya bei nafuu zaidi kwa kila terabaiti. Lakini bei ya UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, ihesabu humohumo. Bila UPS usiinunue. Kagua plagi pia, maana nyingine zinakuja na plagi za Ulaya au Marekani, na adapta yake iwe imeandikwa 100-240V. Adapta ikifa, usichomeke ya laptopu kisa tundu limeingia: nyingi ni za volti 19, utaiunguza. Na iwekwe mbali na dirisha. Vumbi letu la kiangazi linaziba matundu ya kupitishia hewa, joto linapanda.

Ya mwisho kabisa ni ile "terabaiti 16" inayouzwa kwa bei ya flashi. Hadi diski za inchi 2.5 zimeishia terabaiti 6. Ukifungua hiyo ya maajabu utakuta kadi ndogo ya memori imegundishwa ndani, imechezewa ili iidanganye kompyuta. Itapokea mafaili yako yote bila kulalamika. Utalia siku ya kuyafungua. Programu ya bure ya H2testw inaijaza kisha inasoma ilichoandika, uongo unaonekana. (Windows ikikuonyesha gigabaiti 931 kwenye terabaiti 1 halisi, hujaibiwa. Ni namna tofauti ya kuhesabu tu.)

Dai risiti ya EFD, na iandikwe namba ya diski yenyewe, vinginevyo siku ya kurudisha mtabishana kama ndiyo uliyonunua. Ukiangukia iliyotumika, nenda na laptopu yenye programu ya CrystalDiskInfo, chomeka diski mbele ya muuzaji uone imewaka kwa jumla ya saa ngapi tangu itengenezwe. Hali ikiwa ya njano au nyekundu, mrudishie hata akipunguza bei mara mbili.