Kanuni au picha kichwani?

Umeambiwa, "Taa ya dukani ikiwaka, duka liko wazi." Unakuta duka limefungwa. Je, taa inawaka? Wengi husita. Akili hulipataje jibu?

Wanaotetea kanuni husema akili hufuata hatua za mantiki kama hesabu, na hapa hatua ni kadhaa. Philip Johnson-Laird, mwanasaikolojia Mwingereza, alishika njia nyingine miaka ya 1980: tunachora picha kichwani. Ya kwanza ni taa inawaka, duka wazi. Picha ya taa iliyozimwa huachwa nyuma, na jibu, kwamba taa haiwaki, limo humo humo.

Namuunga mkono, kwa sababu makosa yetu yanamshuhudia: tukiona duka wazi, tunaapa taa inawaka, kwa kuwa tunashika picha ya kwanza tu, ingawa duka laweza kuwa wazi taa ikiwa imezimwa! Lakini masharti yakifika kumi, nashika kalamu na kanuni. Picha zote hizo hazikai kichwani.