Pesa wamekata, kadi za watu wakazifungia

Programu hii ya kutengenezea dizaini mtandaoni sitaitaja jina. Nimeilipia kwa karibu miaka miwili, dola kumi na kitu kila mwezi, na nimewashawishi dizaina wenzangu watatu hapa Dar waihamie. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: wale watu walinifuata mimi.

Kazi ilikuwa kadi za mwaliko wa harusi, 250, nusu zimeandikwa Single na nusu Double. Anayezijua harusi zetu anajua uzito wake. Watu wameshachanga, kamati imeshakaa vikao hadi usiku, na mtu aliyetoa mchango wake asipoona kadi mapema anahesabu kwamba amesahauliwa. Mama wa bibi harusi alitaka zumaridi na dhahabu, na pembeni maua ya asumini, kwa sababu siku ya ndoa yake mwenyewe alivishwa asumini na bibi yake. Sikuona sawa kumpa maua ya templeti. Niliyachora kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi, nikayapiga picha kwa simu, nikayapakia humo na kuyapanga kwa siku mbili. Nikatuma picha kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Mwenyekiti akajibu: "Hongera binti yangu. Chapa."

Usiku huo, nadhani ilikuwa Alhamisi, maana kesho yake asubuhi nilitakiwa Kariakoo kwenye mashine, nabonyeza kupakua faili la kuchapia, linatokea dirisha: usajili wako umekwisha. Umekwisha vipi? Ujumbe wa makato ulikuwa kwenye simu yangu tangu jioni. Kazi inafunguka, naiona, lakini kila nikiitoa inatoka ndogo na nembo yao imelazwa mshazari juu ya majina ya maharusi.

Mpaka hapo ningesamehe. Malipo hukwama, hata ya umeme wa LUKU hukwama, mtu anasubiri gizani na maisha yanaendelea. Ningeandika mistari miwili na kuwapa nyota tatu.

Nikaenda huduma kwa wateja. Kwanza roboti, ikanirudisha ukurasa uleule mara nne. Kisha akaja mtu. Nikamtumia picha ya ujumbe wa makato, namba ya muamala, nikamwomba kwa adabu zote nilizolelewa nazo: tafadhali, kazi inachapwa asubuhi. Akakaa kimya kama dakika ishirini. Jibu lake lilikuja kwa Kiingereza, na maana yake ilikuwa hii: kadi za malipo kutoka nchi yako huwa na matatizo mara nyingi, kama huwezi kulipia mpango huu, mpango wa bure upo. Akafunga mazungumzo. Kikabaki kisanduku kinaniuliza huduma niliyopata naipa nyota ngapi.

Kama huwezi kulipia! Nimelipa miezi ishirini na kitu bila kuruka hata mmoja. Kuna miezi nililipia programu hiyo kabla ya kodi ya chumba. Pesa ya mwezi ule pia walikuwa nayo wao. Halafu mtu ambaye hata ule ujumbe niliomtumia hakuufungua ananiambia habari ya uwezo, na ananitajia nchi yangu kama ugonjwa. Nilikaa mbele ya kompyuta mikono inatetemeka. Si kwa sababu ya dola kumi. Ni kwa sababu maua niliyoyachora kwa mkono wangu yalikuwa humo ndani, na mtu huyo alikuwa mlangoni akiniambia sina haki ya kuyachukua.

Ilikuwa imepita saa sita usiku. Nje ya programu hiyo nilikuwa na vitu viwili: ile picha ya WhatsApp, imeminywa hadi herufi zina ukungu, na picha ya maua kwenye simu. Fonti niliyoandikia majina ilikuwa ya kwao, haitoki nje.

Nikafungua Photopea, programu ya kuhariri picha. Inafanya kazi ndani ya kivinjari, ni ya bure, unavumilia matangazo pembeni tu, na hata faili la Photoshop inalifungua. Nikaweka picha ya maua, nikakaza nyeusi na nyeupe hadi kivuli cha karatasi kikapotea. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Ruta ikazimika na bando la simu lilikuwa limekwisha. Nikashika kichwa, nikijua nimepoteza kila kitu. Nikagusa kipanya, Photopea inaendelea! Ikishafunguka, kazi inafanyika kwenye kompyuta yako mwenyewe, haitumwi kwenye mitambo ya mtu. Nilikuwa nimeitumia mara nyingi bila kulitia jambo hilo maanani. Nikahifadhi faili kwa betri iliyobaki, nikalala kwenye kiti hadi umeme uliporudi.

Maua nikayaingiza Inkscape. Programu hii ipo tangu 2003, haidai hata senti, na mimi nilikuwa naidharau kwa sababu sura yake haivutii. Ina sehemu ya kugeuza picha kuwa mistari, na ikayageuza: unayakuza ukubwa wa bango na ukingo haukwaruziki. Chini nikatandika ile picha ya WhatsApp, nikafuatisha kila kitu juu yake kama mtoto anayenakili ramani. Majina nikayaandika kwa Great Vibes kutoka Google Fonts, ambako fonti unaipakua ikawa kwenye kompyuta yako, na leseni inakuruhusu kufanyia kazi ya kulipwa. Ukoo wa bwana harusi unaanza na Ng', na ile fonti ya mwanzo ilikuwa inaiweka ritifaa mbali na g, jina linaonekana limekatika. Kamati haikuona. Mimi niliona, nikanyamaza kwa sababu ya haraka, na nilikosea. Safari hii niliisogeza mwenyewe hadi ikakaa mahali pake.

Mwisho Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa za kuchapwa, kwa ajili ya rangi. Zumaridi ya kwenye kioo inatokana na mwanga, mashine inachapa kwa wino wa rangi nne, na kijani kile ukikiacha kijigeuze chenyewe kinatoka kimefifia kama mchicha wa jana. Scribus inakuruhusu kuipanga rangi kwa asilimia za wino, na kuacha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu cha kukatia karatasi. Saa mbili asubuhi nilikuwa Kariakoo, macho mekundu. Kaka wa mashine akalifungua faili, akalitazama kwa muda, akasema, "Dada, leo umeniletea faili safi." Miaka miwili ya kulipia sijawahi kuambiwa hivyo.

Kwa hiyo niseme wamenisaidia kwa kunifungia? Hapana, siwapi hiyo. Kadi zilitoka nzuri kwa usiku wangu, si kwa wema wao.

Lakini pia sitaki kudanganya watu. Kama unataka tangazo la duka kwa robo saa, programu yao ni nyepesi kuliko zote nilizogusa. Scribus itakutoa jasho wiki nzima ya kwanza, na Inkscape kwenye kompyuta yangu inakuwa nzito nikijaza vitu vingi. Baada ya siku kadhaa walirudisha pesa, wakaniandikia barua pepe ya kuomba radhi yenye punguzo la miezi mitatu. Barua nzuri, ya heshima. Kuhusu yule mtu na maneno yake, hakuna neno hata moja. Nilikuwa nimepanga kutoa nyota mbili. Nimeisoma tena barua hiyo wakati naandika hapa, natoa moja.

Juzi mteja ameniletea picha ya binti mwenye nywele za afro, anataka nyuma paondolewe. Hakuna niliyoijaribu inayokata nywele vizuri kama programu ile, na nasema hivyo kwa uchungu. Nikafungua ukurasa wao, nikaandika barua pepe yangu, nikafika kwenye nywila. Ile sentensi ikarudi, "kama huwezi kulipia". Nikaufunga. Nywele nimezikata kwa mkono kwenye Photopea, saa moja na nusu, msokoto mmoja mmoja.