Mbolea ya silikoni kwenye miti ya matunda: ununue au uache?

Karibuni tena wakulima wenzangu. Leo nimekuja na dumu hili, silikati ya potasiamu ya maji, ndiyo mbolea ya silikoni inayouzwa madukani. Ni ile busta, yaani ya kuupa mti nguvu, ambayo ukiingia duka la pembejeo siku hizi lazima usikie ikisifiwa: eti mti unakuwa imara, magonjwa yanakimbia, tunda linakaa sokoni bila kuharibika. Mmeniuliza sana kama inafaa kwa maembe na parachichi. Kuna mashamba inafaa, na kuna wengine humu mtakuwa mnamwaga hela.

Tuanze na lebo, sogeza kamera. Hapa wameandika SiO₂ asilimia 25. Hiyo ni silika. Silikoni yenyewe ni chini ya nusu yake, kama asilimia 12 hivi. Dumu jingine litaandika silikoni tupu, namba inaonekana ndogo, mnalidharau bure. Na humu ndani kuna potasiamu pia, ihesabuni kwenye mbolea yenu. Mti ukichangamka baada ya kumwagia, huenda ni potasiamu iliyofanya kazi, silikoni ikapewa sifa.

Sasa inafanyaje kazi? Mzizi hunywa silikoni iliyoyeyuka, inapanda na maji mpaka kwenye majani. Maji yanatoka kama mvuke, silika inabaki inaganda kwenye kuta za seli, na ikishaganda haihami tena. Mpunga na miwa huinywa kwa wingi mno. Mwembe na mparachichi hunywa kidogo tu. Tena tunda halipumui maji kama jani, kwa hiyo unachomwaga mzizini kinaishia zaidi majani. Ndiyo maana hii ahadi ya tunda kukaa muda mrefu mimi siitegemei.

Ninachokiamini ni upande wa magonjwa. Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, watafiti walimwagia silikati ya potasiamu chini ya miparachichi yenye ule ugonjwa wa kuoza mizizi, fitofthora, na mizizi ikawa na nafuu. Kwenye zabibu, watafiti wa Kanada walionyesha mwaka 1992 kwamba kuipulizia majani kunapunguza ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga. Mwembe nao unasumbuliwa na ubwiri unga wakati wa maua, lakini jamani, salfa, dawa yake ya kawaida, msiiweke kabatini. Hii ni ya kusaidia, haichukui nafasi ya dawa.

Haya, angalieni hii glasi. Maji safi, naweka silikati, bado yanapitisha mwanga. Sasa naongeza maji niliyoyeyushia kalsiamu naitreti... mmeona? Papo hapo yamekuwa meupe kama maziwa, na chini kunaanza kushuka vipande vyeupe laini. Hicho mti hauwezi kukinywa, na ndicho kinachoziba pua ya bomba lako katikati ya shamba. Kwa hiyo isichanganywe na mbolea ya kalsiamu wala magnesiamu. Piga peke yake, ukimaliza suuza bomba hapo hapo kabla halijakauka. Ikikaukia kwenye kioo huitoi, wanaovaa miwani mnielewe.

Na ni kali. pH yake, kile kipimo cha asidi na alkali ambacho maji safi ni 7, inapita 11, inachoma ngozi na macho, valia glavu. Ukiimwaga kwenye maji pH inapanda, na dawa nyingi ukizichanganya humo zinaharibika. Kwenye matunda yaliyokaribia kuvunwa msipulizie, inaacha madoa meupe na mnunuzi wa parachichi za nje atayakataa.

Sasa suala la udongo, ambalo muuzaji hatakuuliza. Walio Rungwe au miteremko ya Kilimanjaro, udongo wenu wa volkano una silikoni ya kutosha inayoyeyuka yenyewe. Sioni mnatafuta nini dukani. Lakini udongo mwekundu uliochakaa, ulionyeshewa mvua miaka nenda rudi, umeshanyonywa silikoni yake, na udongo wa kichanga nao hauna silikoni inayoyeyuka ya kutoa. Huko ndiko hili dumu lina maana, na hata huko samadi na matandazo vije kwanza.

Kuna wa Mbarali na Kyela wameuliza kuhusu pumba za mpunga. Ndiyo, majivu yake karibu yote ni silika! Ila chomeni kwa moto wa taratibu zibaki nyeusi. Zikiungua sana mpaka jivu jeupe, silika yake inakuwa ngumu kuyeyuka. Zimwage chini ya mti, changanya na mboji. Zinafanya kazi polepole lakini mashineni mnapewa bure, na mkizichekecha funikeni pua, vumbi la silika si zuri kwa mapafu.

Kwa hiyo mimi hili dumu silipulizii kwenye maembe. Nalipeleka kwenye miche ya parachichi kule bondeni maji yanakotuama na mizizi huoza, nitalimwagia mzizini, na mistari miwili naiacha bila kitu ili tulinganishe majani mvua zikiisha.