Kalamu ya Leza ya Kijani: Picha Zinapendeza, Lebo Haiaminiki

Mwezi uliopita nilinunua kalamu ya leza ya kijani kwa shilingi 40,000 katika duka moja la vifaa vya simu, Barabara ya William jijini Kampala, nikiwa na nia moja tu: kupiga picha za miale ya mwanga usiku, sebuleni kwangu Entebbe. Baada ya majuma matatu ya kuitumia, sina la kuilaumu kwa upande wa picha. Kwa upande wa usalama, sitaiacha mezani hata kwa dakika moja, na nisingemshauri mzazi yeyote aiingize nyumbani kwake.

Mwale wa leza hauonekani kwa ubavu katika hewa safi, kwa sababu mwanga wake wote unasonga mbele; huonekana pale tu ambapo chembe za moshi au ukungu zinautawanya kuelekea kwenye kamera. Wapiga picha wenye uwezo hutumia mashine za moshi kama zile za jukwaani. Mimi nilitumia chetezo na ubani. Kwa kuwa makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nilifukiza chumba kwa muda mfupi, nikakitoa chetezo barazani, kisha nikafunga mlango na kusubiri moshi utulie na kuenea sawasawa. Nilijaribu pia dawa ya mbu ya kuchoma, lakini moshi wake hupanda kama uzi mmoja, na mwale ukatoka kwenye picha ukiwa umekatikakatika.

Kamera niliiweka juu ya stendi ya miguu mitatu, ISO 100 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/8, sekunde 15 za kupokea mwanga, nikiwa nimeilenga kwa mkono kabla ya kuzima taa. Hapo ndipo kalamu hii inapoonyesha thamani yake. Mwanga wake una urefu wa wimbi, yaani kipimo kinachoamua rangi yake, wa nanomita 532, karibu na 555 ambako jicho la binadamu huona vizuri zaidi mchana, na sensa (vihisi vya mwanga) za kamera nyingi zina vipokezi vya kijani mara mbili ya vile vya nyekundu au vya buluu. Kwa hiyo mwale hutoka mkali, umenyooka kama kamba ya fundi mwashi, kiasi kwamba mara mbili nililazimika kupunguza muda hadi sekunde 6 ili usigeuke mweupe. Nilipoweka vioo viwili vya kawaida, kila kioo kilirudisha miale miwili badala ya mmoja, kwa sababu uso wa mbele nao huakisi mwanga kabla haujafika kwenye rangi ya fedha iliyo nyuma. Wengine wataiona kasoro hiyo; mimi niliipenda.

Vioo hivyo nilivisogeza leza ikiwa imezimwa, kila mara, hata pale nilipohitaji kukisukuma kimoja kwa unene wa ukucha tu. Kalamu yenyewe niliibana kwenye kibao ili isiyumbe, na mwisho wa njia ya mwale niliweka boksi lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Saa ya mkononi na pete nilivivua. Lenzi haikuelekezwa hata mara moja kwenye njia ya mwale, kwa maana leza inaweza kuiunguza sensa, na picha nilizitazama kwenye skrini ya kamera badala ya kuchungulia kwenye kitundu chake.

Tatizo ni lebo. Kibandiko kilicho kwenye kalamu kinasema nguvu yake haifiki miliwati 5, huku boksi lake likijivunia miliwati 50, yaani mara kumi zaidi. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitangaza mwaka 2013 kwamba kati ya vielekezi 122 ilivyovipima, karibu asilimia 90 ya vile vya kijani havikutimiza kanuni za usalama. Kuna jambo jingine linalonitia hofu zaidi. Kalamu nyingi za aina hii hazizalishi kijani moja kwa moja: ndani yake mna diodi, kifaa kidogo cha kutoa mwanga, ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ya nanomita 808, ambayo huchochea fuwele kutoa 1064, ndipo fuwele ya pili inapoigeuza kuwa 532. Bila chujio, infraredi hiyo hutoka pamoja na kijani. Jicho haliioni, kwa hiyo halipepesi ili kujikinga nayo.

Niliipima yangu kwa njia ya CD, ambayo mistari yake midogo hutenganisha mwanga kwa rangi. Mwale ulipita kwenye tundu la karatasi nyeupe, ukagonga CD, ukarudi kwenye karatasi ile ile ukiwa umegawanyika katika vidoa. Nikavitazama kwa kamera ya mbele ya simu ya zamani, ambayo nilikwisha kuhakikisha kwamba inaona taa ya rimoti ya televisheni. Kwenye skrini, kati ya kidoa cha kwanza cha kijani na cha pili, palikuwa na kidoa hafifu cha zambarau ambacho kwenye karatasi hakikuonekana kabisa: ndiyo infraredi yenyewe. Nilirudi dukani, muuzaji, kijana mpole, alisema hajawahi kulalamikiwa na kwamba fedha hazirudi.

Shauku ilinishawishi pia niitoe kalamu barazani jioni, wakati wadudu wa ziwani wanapopanda kama wingu, kwani kila mdudu angekuwa nukta ya kijani. Sikufanya hivyo. Ndege za kimataifa hutua hapa Entebbe, mwale unaweza kumpofusha rubani kwa muda hata akiwa mbali sana, na mapazia yangu hufungwa kabla ya betri kuingia.

Picha niliyoipenda kuliko zote sikuipiga kwa kalamu hiyo. Niliipiga kwa kalamu nyekundu ya shilingi 10,000, daraja la 2 la usalama wa leza, chini ya miliwati 1. Lebo yake nayo siiamini kwa upofu, maana katika vipimo vile vile vya NIST nyekundu zilizokosea zilikuwa asilimia 44, lakini nyekundu hutoka moja kwa moja kwenye diodi yake bila kupitia infraredi. Nilitoboa chupa ya maji ubavuni, nikaelekeza leza kutoka upande wa pili hadi kwenye tundu, na mwanga ukapinda pamoja na maji hadi beseni, kama mwanafizikia Daniel Colladon alivyoonyesha Geneva katika miaka ya 1840. Tone moja la maziwa ili mwanga uonekane ndani ya maji, sekunde 2, f/5.6. Ile ya kijani imo kwenye droo yenye kufuli, betri zake ziko kabatini jikoni.