TP-Link Archer C6: miezi minne nyumbani kwangu Arua

Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za harusi, na wateja hunitumia mishono kwa WhatsApp. Kabla ya ruta hii, bando la mwezi lilikuwa likiisha tarehe 18. Nilibadilisha nenosiri mara tatu bure: mpwa wangu anampa rafiki yake, rafiki anampa mwingine. Jioni nakuta vijana wanne wameegemea ukuta wa nyuma, nyuso zinang'aa kwa mwanga wa simu. Iliniuma sana.

Sasa nafungua tplinkwifi.net, ukurasa wa mipangilio ya ruta, na kuchagua orodha nyeupe, yaani ya vifaa vinavyoruhusiwa. Kifaa kisichoandikwa humo hakiingii, hata kama kina nenosiri. Siku ya kwanza nilikuta vifaa 14, na vyetu ni 6 tu!

Usumbufu ulikuwa mmoja. Nilinakili anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa kwenye Wi-Fi, kutoka boksi la simu ya mama, naye akafungiwa nje siku nzima. Kumbe Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 huonyesha mtandao anwani ya kubuni. Zima kipengele hicho kwa mtandao wa nyumbani pekee. Pia usilegeze nenosiri, maana anwani huweza kuigwa na mjuzi.

WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kwa PIN bila kuandika nenosiri, nimeizima. Mashemeji wakija, nawafungulia mtandao wa wageni, wakiondoka naufunga. Umeme ukikatika na kurudi, orodha iko palepale.

Mwezi uliopita bando lilifika tarehe 30.