GlusterFS kwenye seva tatu: uzoefu wangu

Nilikuwa na seva tatu za wavuti zilizotakiwa kuona folda moja ya picha na nyaraka zinazopakiwa na watumiaji. Nikachagua GlusterFS, programu inayounganisha diski za seva kadhaa ziwe hifadhi moja. Kabla ya hapo tulitumia NFS, njia ya kushirikisha folda ya seva moja kupitia mtandao. Ni nyepesi na haina makuu, lakini faili zote zikikaa kwenye mashine moja, siku ikizimika hiyo wote mnakwama. Ceph, mfumo mwingine wa kuhifadhi data kwenye seva nyingi, niliiangalia nikaiacha: kila diski, kwa mipangilio ya kawaida, inalenga kutumia GB 4 za RAM, na seva zangu hazina uwezo huo.

Kuisimamisha GlusterFS ni kazi ndogo. Unasakinisha, unafungua mlango wa mtandao (port) 24007 na ile ya data inayoanzia 49152, unatambulisha seva kwa `gluster peer probe`, unaunda volyumu, yaani hiyo hifadhi ya pamoja, basi. Kilichonivutia zaidi ni kwamba faili zinabaki faili. Ukiingia kwenye diski ya seva yoyote kati ya hizo tatu unazikuta zilivyo, juu ya XFS ya kawaida (mfumo wa faili wa Linux), kwa hiyo hata programu ikigoma data unainakili kwa zana kama rsync. Humo soma tu, usiandike: mabadiliko yote yapitie kwenye volyumu.

Wanaosema seva mbili zinatosha, waache. Mawasiliano yakikatika na kila moja ikaendelea kuandika, unabaki na matoleo mawili ya faili moja na hakuna wa kuamua lipi ni sahihi. Weka nakala tatu, au mbili na msuluhishi (arbiter), seva ya tatu ambayo inatunza majina na metadata (taarifa kuhusu faili) tu, hivyo diski ndogo inaitosha. Akidi, yaani wingi wa seva unaohitajika, isipotimia, kuandika kunakataliwa, na ndivyo inavyotakiwa.

Nilijaribu kwa makusudi: nikachomoa kebo ya mtandao ya seva moja huku faili kubwa ikipakiwa. Kila kitu kiliganda, kimya, kana kwamba mfumo umekufa. Ukweli ni kwamba `network.ping-timeout`, muda wa kuisubiri seva isiyojibu, ni sekunde 42 usipoibadilisha. Muda ulipoisha, upakiaji ukaendelea. Niliporudisha kebo, `gluster volume heal` ikifuatiwa na jina la volyumu na `info` ilionyesha foleni ya faili za kusawazishwa ikipungua hadi sifuri.

Inapochosha ni kwenye faili ndogondogo. Kabla ya kufungua faili, seva inaulizana na wenzake kwanza, na folda ya PHP yenye maelfu ya faili inakuwa kero. Msimbo niliurudisha kwenye diski ya kila seva, nikaacha kwenye volyumu vinavyopakiwa tu. Hifadhidata usiiweke kabisa.

Jambo jingine ni uhai wake. Red Hat iliinunua kampuni ya Gluster mwaka 2011, na huduma kwa bidhaa yao ya kibiashara, Red Hat Gluster Storage, ilikoma mwishoni mwa 2024. Mradi huria bado upo na hapa inafanya kazi vizuri, ila kwa mfumo mpya wa kukaa miaka mingi ningeanza kwa kutafuta RAM ya kutosha Ceph.