TAHADHARI: Anaazima farasi wako mzee, anaondoka na pasipoti, kisha anamuuza

Wafugaji wenzangu mlioko Uingereza, na hasa nyinyi mnaotaka kumpumzisha farasi mzee kwa kumwazimisha bure, someni hii kabla hamjajibu ujumbe wa mtu yeyote. Kuna mwanamke anayepita kwenye matangazo ya kuazima farasi na kuchukua wanyama ambao hana nia ya kuwafuga. Jina simtaji kwa sababu suala lake limeshafika kwa wanasheria, ila nitaeleza anavyofanya ili umtambue yeye au mwenzake, maana mchezo huu hauchezi peke yake.

Yeye hamtaki farasi wa mashindano. Anamtaka yule mtulivu mwenye sura nzuri, ambaye hapandwi tena kwa sababu viungo vinamuuma, na mwenyewe anamtafutia mahali pa kuishi kama mwenza wa farasi mwingine. Tangazo la namna hiyo linamwambia mengi. Linamwambia kwamba gharama zimemchosha mwenyewe, na kwamba akishampata mtu wa kumpokea mnyama hatakuja kuchungulia kila Jumamosi. Wengi wetu huandika "bure, kwa mtu mwema." Maneno hayo ndiyo anayoyatafuta.

Kuongea anajua. Ana picha za malisho, ana farasi wake mwingine "mpweke", na anauliza maswali ya mtu aliyekulia mazizini: kwato zilikatwa lini, chanjo ya pepopunda inaisha lini, anapanda trela bila shida? Siku ya kuja kumchukua ndipo anasema kwa upole kwamba atahitaji na pasipoti ya farasi, yaani kijitabu chake cha utambulisho, si unajua sheria. Ubaya ni kwamba hapo hadanganyi.

Rafiki yangu tunayefuga naye kwenye mazizi mamoja alimpa. Hawakuandikiana chochote zaidi ya ujumbe wa simu. Muda si mrefu farasi wake, jike, alikuwa ameshauzwa kwa familia iliyokuwa ikimtafutia mtoto wao farasi wa kujifunzia. Aliuzwa kama farasi mzima wa kupandwa, akiwa amejazwa dawa ya maumivu. Dawa ilipoisha mwilini akaanza kuchechemea, mnunuzi akamwita daktari wa mifugo, na katika kufuatilia historia ya matibabu yake ndipo jina la rafiki yangu likaibuka. Mnunuzi naye analia. Aliulizia karatasi, akaonyeshwa pasipoti halisi, namba ya chipu iliyopandikizwa mwilini ikalingana na ya mnyama. Angeshuku nini?

Angeshuku hivi: pasipoti ya farasi haithibitishi umiliki. Ni kitambulisho cha mnyama. Ina mchoro wa alama zake, rangi, mizunguko ya manyoya, namba ya chipu yenye tarakimu 15, chanjo, na ukurasa unaosema kama anaruhusiwa kuchinjwa kwa chakula cha binadamu au la. Jina la mwenye farasi limo, lakini kuwa na kijitabu mkononi hakumfanyi mtu kuwa mwenye mali. Ni kama kadi ya gari hapa Uingereza, ambayo yenyewe imeandikwa kwamba si uthibitisho wa umiliki, na bado watu hununua magari kwa kuiangalia hiyo tu.

Tangu habari hii ienee mazizini kwetu, kila mtu anasema jambo moja: "Mimi pasipoti simpi mtu, inakaa kabatini kwangu." Nawaelewa, lakini dawa hiyo ina madhara yake.

Sheria iko upande wa pasipoti kukaa na farasi. Kwa England kanuni zinazotumika ni za mwaka 2018, na mzigo uko kwa yule anayemtunza mnyama siku hadi siku, hata kama si mali yake. Lazima aweze kuitoa bila kuchelewa akidaiwa na mkaguzi. Farasi akiwa bandani au malishoni si lazima kijitabu kiwe kimening'inia mlangoni, bali kiwe mahali ambapo kinaweza kuletwa mara moja. Akisafirishwa kwa trela kiwe naye, isipokuwa kwa dharura ya matibabu. Mtunzaji asiyeweza kuonyesha pasipoti halali anaweza kutozwa faini ambayo sheria haikuiwekea kikomo. Kwa hiyo ukimwazimisha mtu mwaminifu farasi wako moja kwa moja, mnyama akaenda kuishi kwake umbali wa saa tatu, halafu ukabaki na pasipoti kwako, huyo mwaminifu ndiye umemtia hatarini.

Kuna na suala la dawa. Ile dawa ya maumivu ambayo mazizini tunaiita byuti, fenilbutazoni, haipewi farasi anayeweza kuishia kuwa nyama. Daktari anapaswa kuangalia pasipoti kabla ya kuitoa. Asipoiona, inabidi amchukulie farasi kama mnyama wa chakula, na mlango wa dawa kadhaa unafungwa papo hapo. Wanaokumbuka kashfa ya 2013 ya nyama ya farasi iliyouzwa kama ya ng'ombe wanajua kwa nini ukurasa ule unachukuliwa kwa uzito.

Tena kabati lenyewe halimzuii tapeli. Anaweza kuliandikia shirika linalotoa pasipoti kwamba ya kwanza imepotea na kuomba nakala mbadala. Anaweza pia kumwambia mnunuzi kwamba "iko kwa mwenye mazizi, nitakutumia kwa posta wiki ijayo", na ukishangaa watu wangapi hulipa kwa ahadi hiyo, basi hujawahi kumwona mzazi ambaye mtoto wake ameshampenda farasi. Kumuuza farasi bila kukabidhi pasipoti ni kosa. Muuzaji akianza hadithi ya posta, geuza gari.

Kwa maoni yangu tumeng'ang'ania kijitabu na kusahau vitu viwili vyenye nguvu zaidi: jina lililo kwenye kumbukumbu, na karatasi ya makubaliano.

Jina kwanza. Wapo wenye farasi waliomiliki mnyama miaka mingi na pasipoti bado ina jina la mtu aliyewauzia. Sheria inampa mnunuzi siku 30 kupeleka mabadiliko kwa shirika lililotoa pasipoti. Ukiwa hujafanya hivyo, siku ya kudai farasi wako utakuwa unadai mnyama ambaye kwenye kumbukumbu ni wa mtu mwingine. Rekebisha kabla hujaweka tangazo. Kisha, farasi anapokwenda kuazimwa, waandikie shirika hilo kwa barua pepe kwamba ameazimwa na hajauzwa, na uwaombe wakuulize kabla ya kubadilisha jina au kutoa nakala mbadala. Hata wakikujibu kwa mstari mmoja, una ushahidi wenye tarehe.

Makubaliano yasiwe ya mdomo. British Horse Society, shirika la hisani la farasi Uingereza, lina mfano wa mkataba wa kuazimisha unaoweza kuuanzia. Andika atakaa wapi, kwamba hahamishwi bila idhini yako ya maandishi, haazimwi kwa mtu wa tatu, hauzwi, na wewe una haki ya kumtembelea. Halafu ongeza sentensi ambayo wengi huiacha: pasipoti yenye namba fulani imekabidhiwa kwa ajili ya kutimiza sheria ya utambulisho tu, inabaki na jina la mwenye farasi, na itarudishwa pamoja naye. Mwazimaji atie saini kwamba ameipokea. Piga picha kila ukurasa, hata ile mitupu. Na daktari asome chipu kwa kifaa siku hiyohiyo, mbele yenu wote wawili, ili mwazimaji asije akasema baadaye kwamba alipewa farasi mwingine.

Kama mnashirikiana tu, mwenzako anakuja kumpanda siku kadhaa kwa wiki na farasi habanduki alipo, hakuna sababu ya pasipoti kuhama. Akikazania, muulize anaitakia nini.

Mazizi ya kulipia yana vituko vyake. Kuiacha pasipoti ofisini ni sawa, na pale ambapo wafanyakazi ndio wanaomhudumia farasi kila siku ni busara, kwani daktari anaweza kuitwa usiku wewe ukiwa mbali. Iwe kwenye kabati linalofungwa, nawe upewe stakabadhi. Nilichokiona zaidi ya mara moja ni mwenye mazizi kuikatalia pasipoti kwa sababu ya deni, na wengine kutamba kwamba wakiwa nayo wanaweza kumuuza farasi wajilipe. Deni ni deni, lipeni. Lakini kijitabu hakimpi mtu haki ya kuuza. Kuna sheria ya mwaka 1977 inayohusu mali iliyoachwa mikononi mwa mtu mwingine bila kuchukuliwa, na pale panapodaiwa pesa inataka notisi isiyopungua miezi mitatu kabla ya kuuza. Mkataba wako wa mazizi nao usome, kwani kuna wanaochomeka kifungu chao humo.

Kwa ambao farasi wako tayari kwa mtu na roho imeanza kuingia wasiwasi: usianze kwa kumtisha kwa simu, utampa muda wa kumhamisha. Nenda ukamwone mnyama. Ukikuta hayupo na majibu hayaeleweki, liarifu shirika la pasipoti siku hiyo, ripoti namba ya chipu kwenye kanzidata kuu ya farasi ili anayeikagua mtandaoni aone ameripotiwa, kisha piga 101, namba ya polisi isiyo ya dharura. Polisi mara nyingi watakwambia hayo ni madai ya mahakama ya kiraia. Hapo ndipo mkataba uliotiwa saini unapofanya kazi, kwa sababu unaonyesha kwamba aliyeuza alijua si wake. Kisheria, mtu asiye na mali kwa kawaida hawezi kumpa mnunuzi umiliki asiokuwa nao, hata kama mnunuzi alilipa kwa nia njema. Rafiki yangu anasimama hapo sasa, na upande wa pili kuna mtoto anayelia. Mambo ya namna hii hayana mshindi mzuri.

Wanunuzi, ingizeni namba ya chipu kwenye ukaguzi wa mtandaoni kabla ya kulipa. Mpigieni mtu ambaye jina lake limo kwenye pasipoti ikiwa siye anayewauzia, na namba ya simu itafuteni wenyewe, msipewe na muuzaji. Na daktari anapomkagua farasi kabla ya ununuzi, mwambieni achukue damu. Sampuli huhifadhiwa miezi sita, na farasi akianza kuchechemea wiki ya tatu inapimwa kuona alikuwa na dawa gani mwilini siku ile ya kuuzwa.